Dubwana Lilipopita Kisimani

Katika Jamhuri ya Tambarare, nchi ambayo mambo yake yote yamenyooka na yaliyopinda yamezungushiwa mabati ili yasisumbue macho ya wageni, aliishi mhakiki wa filamu aitwaye Eustaki Mbarika. Alikuwa mhakiki pekee nchini. Chama cha Wahakiki, ambacho mwenyekiti, katibu na mwanachama wake alikuwa yeye, kilimchagua kila mwaka kwa kura zote, isipokuwa mwaka ule alioumwa malaria, akidi ikakosekana.

Eustaki aliandika kila Jumatatu katika gazeti la Mwanga wa Tambarare, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kusema kwamba filamu fulani ni mbaya. Si kwamba zote zilikuwa nzuri. Ofisini kwao kulikuwa na kitabu cha serikali kilichoitwa Mwongozo wa Kupendezwa, chenye kurasa themanini na mbili, ambacho kilimruhusu mhakiki kupendezwa, kupendezwa sana, au kupendezwa kiasi cha kukosa maneno. Kwa filamu iliyomshinda kila mtu, hata mwendesha mitambo akasinzia, kulikuwa na daraja la nne: kupendezwa kwa tafakuri. Eustaki alikuwa ametafakari sana maishani mwake.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, amebakiza mitatu astaafu, na aliishi katika nyumba ya gazeti yenye vyumba viwili na sebule. Lakini kwa miezi saba sasa sebule ile haikuwa yake tena. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, Perepetua, fundi wa sare za shule, aliyekuja na cherehani yake, binti yake na wajukuu wanne, akapanga vitambaa juu ya kochi na kusema atakaa siku mbili tatu.

Namna alivyofika pale ni habari fupi. Perepetua alikuwa na nyumba mtaa wa Kisimani, nyuma ya matanuri ya matofali, kwenye nyumba mia mbili na kumi na nne zilizojengwa na wenyewe, tofali kwa tofali, tangu enzi za wazazi wao. Jumanne moja asubuhi yakaja matingatinga tisa. Yalikuwa yamefunikwa kwa kitambaa cha kijani kuanzia juu mpaka kwenye minyororo, yakiachiwa matundu ya dereva kuonea njia. Watu wengine walipiga kelele na kuita watoto. Perepetua, ambaye alikuwa ameshika mkasi kwa miaka thelathini, kabla ya kuogopa alitazama kitambaa. Ilikuwa tetroni safi, alimwambia mdogo wake baadaye, zaidi ya mita mia tatu, na pindo hawakupiga.

Ofisa mwenye kipaza sauti alieleza kwamba rangi ya kijani ni ishara ya serikali kujali mazingira. Juu ya kreni mbili walikaa watu wenye mashine machoni, na ofisa akasema hao ni wapima ardhi. Kisha wananchi wakaombwa wakimbie. Waliokimbia polepole waliombwa, kwa heshima, warudi wakimbie upya. Perepetua alitolewa mlangoni mwake mara tatu, cherehani kichwani, na mara ya tatu ofisa akamshukuru na kumwambia sasa amefanya vizuri. Yeye alidhani ndio utaratibu mpya wa kuvunjiwa.

Wiki iliyofuata Wizara ya Utamaduni na Ardhi ilitangaza kwamba Kisimani ni eneo la wazi ambalo halijawahi kukaliwa na mtu. Waliokwenda kuomba viwanja vingine walijibiwa dirishani kwamba mtu hawezi kuhamishwa kutoka mahali ambapo hakuwapo. Wizara hizo zamani zilikuwa mbili. Ziliunganishwa ili kubana matumizi, likajengwa na jengo la ghorofa kumi ili matumizi hayo yabanwe mahali pamoja.

Basi, mezani pa wizara hiyo ndipo palipokuwa na jalada jingine, lile la Dubwana.

Hakuna Mtambarare asiyelijua Dubwana. Miaka arobaini na mitano iliyopita marafiki watatu waliazima kamera wakatengeneza filamu ya jitu kubwa linalotoka ziwani na kukanyaga mji. Jitu lenyewe lilikuwa la mifuko ya saruji na mipira ya matairi, na ndani yake alikaa mtu aliyechungulia kupitia mdomoni. Kamba ya kuvutia mkia ilionekana waziwazi, na mahali pamoja zilionekana hata ndala za dubwana. Lilikanyaga gereza la maboksi, likakanyaga ofisi ya kodi ya maboksi, na hatimaye likakalia nyumba moja nyeupe yenye bendera, likapumzika. Mwisho wanawake wa mji walilimwagia maji ya moto, likarudi ziwani likilia.

Eustaki aliiona akiwa na miaka kumi na miwili, amebanwa ubavuni mwa dada yake katika ukumbi wa sinema wa Ukombozi. Alikumbuka kwamba watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na kwamba wakati wa kutoka kila mtu alitembea mabega juu. Serikali iliipiga filamu hiyo marufuku kwa miaka tisa, kisha ikaitangaza kuwa urithi wa taifa. Tofauti ilikuwa ndogo, maana kote kuwili hakuna aliyeruhusiwa kuiona.

Sasa Waziri, Mheshimiwa Abednego Mkwiro, alikuwa ameamua kwamba taifa linahitaji Dubwana jipya, la kisasa. Kazi ya kuongoza filamu alipewa Dokta Injinia Balthazari Kisoda, bingwa wa makalavati, kwa hoja kwamba mtu aliyeweza kupitisha maji chini ya barabara hatashindwa kupitisha jitu juu yake. Muswada uliandikwa na kamati ya watu kumi na tisa. Wizara ya Maji ilikataza dubwana lisitoke ziwani, kwa sababu ziwa lilikwisha kutangazwa kuwa salama. Ikapendekezwa litoke nje ya nchi, Mambo ya Nje wakauliza ni nchi ipi hiyo, na kama lina viza. Ikaandikwa kwamba dubwana linatoka mahali pasipojulikana na kwamba uchunguzi unaendelea.

*

Filamu ilizinduliwa Jumamosi, saa tisa alasiri, Ukombozi. Eustaki alipewa kiti cha safu ya pili, nyuma ya Waziri, pamoja na kalamu yenye nembo ya dubwana.

Mheshimiwa Mkwiro alihutubia kwanza. Alisema dubwana la zamani lilikuwa zao la zama zake, lilikanyaga ovyo, halikuwa na mpango. "Dubwana la leo," akasema, "linakanyaga kwa mujibu wa ramani." Ukumbi ukapiga makofi, taa zikazimwa.

Kweli lilikuwa dubwana la kutazamika. Lilikuwa na magamba ya rangi ya shaba, macho kama taa za uwanja wa mpira, na kila lilipopumua viti vilitetemeka. Liliingia mjini kwa barabara kuu, upande wa kushoto. Lilipita mbele ya wizara likainamisha kichwa. Lilipita mbele ya benki, likapita mbele ya gereza, na lilipofika kwenye nyumba nyeupe yenye bendera lilisimama kimya kwa dakika nzima mkia ukiwa umekunjwa. Eustaki aliandika gizani: *nidhamu*. Alikuwa ameanza kuchagua kati ya kupendezwa na kupendezwa sana, wakati dubwana lilipokata kona kwenye matanuri ya matofali na, bila sababu iliyoelezwa, likashikwa na hasira.

Alianza kukitambua kisima, kile chenye pete iliyopasuka. Halafu duka la Sikudhani, lenye kibao kilichodondoka herufi moja. Halafu mlango wa buluu. Mlango ule aliupaka yeye mwenyewe siku ya Pasaka, tena vibaya, na matone aliyoyadondosha kizingitini yalikuwa pale kwenye skrini, kila tone kubwa kama sinia.

Mlango ukafunguka, akatoka Perepetua, cherehani kichwani, kitambaa cha kichwa kikimdondoka. Alikimbia kuelekea kwao waliokaa vitini. Nyuma yake mguu wa shaba ukashuka juu ya paa. Kuta tatu zikaanguka pamoja, ya nne ikabaki imesimama kidogo na kalenda yake, kana kwamba imesahauliwa, halafu nayo ikaenda.

Mbele ya Eustaki, Waziri alimwinamia Dokta Kisoda. "Yule mama ni nani? Ana kipaji."

"Mwananchi tu, Mheshimiwa. Tulimkuta hapohapo."

Nyumba zilianguka kwa dakika kumi na nane. Watu walipopiga makofi, Eustaki alijisikia akipiga makofi pia, na jambo hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote: kwamba mikono yake haikungoja kumwuliza.

Mwisho wa filamu hapakuwa na wanawake wala maji ya moto. Kiongozi Mkuu wa nchi alitokea kwenye jukwaa akalihutubia dubwana kwa dakika ishirini na tano. Kufikia dakika ya sita dubwana lilianza kufumba macho. Kufikia ya kumi lilikuwa limelala fofofo, na sauti ya msimulizi ikaeleza kwamba amani imerejea.

*

Perepetua alikuwa anapiga vifungo vya mashati mdogo wake aliporudi. Eustaki alikaa kwenye ncha ya kochi iliyobaki na kumweleza yote, tangu kisima mpaka kalenda. Alitegemea kilio. Dada yake alimsikiliza huku sindano ikienda, akauliza maswali machache. Je, sufuria la maharage lilionekana, maana aliliacha jikoni? Halikuonekana. Je, kitambaa chake cha kichwa kilianguka kweli, mbele ya watu wote wale? Kilining'inia tu, alidanganya Eustaki.

"Kwa hiyo ile tetroni ya kijani ndiyo dubwana," akasema Perepetua.

"Ndiyo. Penye kijani kompyuta huchora jitu juu yake."

"Wakaiacha bila pindo." Akakata uzi kwa meno. Halafu akauliza ataandika nini.

Eustaki akamweleza mambo ambayo wote wawili waliyajua: kwamba nyumba hii ni ya gazeti, kwamba humu ndani wamelala watu saba, kwamba mhakiki aliyemtangulia aliwahi kuandika "inachosha kidogo" na sasa anafuga kuku mahali ambapo basi haliendi. Hawezi kuitukana filamu ya Wizara.

"Nani kakwambia utukane?" akasema dada yake. "Maisha yako yote umekuwa ukisifu vitu ambavyo hukuviona sawasawa. Hiki umekiona. Kisifu."

Eustaki akakaa mezani Jumapili yote. Alizoea kumaliza makala kwa saa moja, lakini safari hii alifuta na kuandika, akafuta tena, akaenda kusimama uani, akarudi. Jioni akamsomea Perepetua. Yeye alisahihisha jambo moja: ngazi ya jirani yake, Mwalimu Tindwa, haikukosa kidato cha nne, ilikosa cha tatu.

Bi. Zamzamu Kheri, mhariri wake, aliisoma makala hiyo mara mbili. Alikuwa mwanamke mwangalifu aliyevaa miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kusoma kilichofichwa. Iliandikwa hivi:

"Nimependezwa kiasi cha kukosa maneno, kwa hiyo nitatumia machache. Sijapata kuona filamu yenye ukweli kama hii. Mafundi waliojenga mtaa wa Kisimani kwa ajili ya Dubwana jipya wanastahili kila sifa. Tazama mlango wa buluu wa nyumba ya tatu kutoka kisimani, na matone ya rangi kizingitini: ni fundi gani duniani aliyekumbuka kudondosha matone yale? Tazama ngazi ya nyumba ya mwalimu, iliyokosa kidato cha tatu. Tazama kalenda ukutani, imefunuliwa mwezi ule ule, na siku ya ubatizo imezungushiwa kalamu nyekundu. Mtu aliyepata kuishi Kisimani, kama pangekuwa na mtu aliyepata kuishi Kisimani, angeijua nyumba yake papo hapo. Na yule mama anayekimbia na cherehani: uso ule haufundishwi chuoni. Nawasihi wananchi wote waende, hasa wenye macho mazuri. Nyumba zinaanza dakika ya hamsini na mbili."

Bi. Zamzamu akaweka karatasi chini. Wanawe watatu walikwenda shule na sare zilizoshonwa na Perepetua.

"Bwana Mbarika, humu kuna tusi?"

"Hakuna."

"Kuna uongo?"

"Hakuna."

"Hilo la pili ndilo linalonitia wasiwasi," akasema. Kisha akahesabu sifa, kama Mwongozo ulivyotaka, akazikuta zimepita kiwango, akapiga muhuri.

Wizarani makala ilipokewa kwa furaha. Mheshimiwa Mkwiro aliitia kwenye fremu na kuitundika ukumbini, karibu na lifti.

*

Siku tatu za kwanza filamu ilikuwa imetazamwa na watumishi wa umma tu, kwa zamu, wakiletwa na barua. Siku ya nne watu wakaanza kuja wenyewe. Walitoka kwenye sebule za ndugu zao, kwenye mabanda ya kupanga, kwenye uwanja wa shule walikopiga maturubai, na bila kupangwa na mtu walikaa vitini kama walivyokaa mtaani: Sikudhani wa duka mbele, familia ya Mwalimu Tindwa nyuma yake, Perepetua kiti cha tatu kutoka njiani, na Eustaki pembeni yake.

Dakika ya hamsini na mbili ilipofika hakuna aliyepiga kelele. Kila nyumba ilipotokea, mwenye nyumba alisimama. Alisimama tu, akatazama mguu ukishuka, akakaa, na wa jirani akasimama. Mwalimu Tindwa, mzee mrefu mwenye sauti ya darasani, alitaja majina yao mmoja mmoja, na mkewe akayaandika.

Ilipokwisha, Perepetua aligeuka kutazama tundu la mwendesha mitambo, akaomba kwa sauti ya kawaida kabisa irudishwe nyuma. Mwendesha mitambo alidhani anataka kuona tena mwanzo. "Hapana, baba," akasema Perepetua. "Irudishe ikitembea."

Mitambo ilikuwa mipya, iliweza. Vumbi likaanza kujikusanya. Ukuta wenye kalenda ukainuka peke yake, ukangoja, kuta tatu zikaja kuungana nao. Paa likatulia mahali pake na mguu wa shaba ukapanda juu, ukaondoka kama mtu aliyegundua kwamba amekosea nyumba. Perepetua wa kwenye skrini akarudi kinyumenyume, cherehani kichwani, kitambaa kikajifunga vizuri, akaingia ndani, mlango ukafungwa. Nyumba baada ya nyumba mtaa mzima ukasimama. Dubwana likatembea kinyumenyume mpaka barabara kuu, likapotea.

Hapo ndipo Perepetua alipolia. Eustaki hakuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya mama yao, akawa hajui pa kuweka mikono yake. Waliomba irudishwe mara kumi na moja.

Wiki mbili Ukombozi ilijaa hadi milangoni. Redio ilitangaza kwamba Dubwana jipya limependwa kuliko filamu yoyote katika historia ya nchi. Halafu barua ya Mwalimu Tindwa ikafika wizarani. Ilikuwa na majina mia mbili na kumi na nne, kila moja na dakika yake ndani ya filamu, na chini yake swali moja: nyumba hizi zilijengwa na nani?

Swali hilo lilipanda kutoka ghorofa ya kwanza mpaka ya kumi likimwacha kila ofisa akitoka jasho. Kama nyumba zilijengwa na wananchi, basi Kisimani hapakuwa eneo la wazi, na tangazo la Wizara lilikuwa la uongo. Kama zilijengwa na Wizara kwa ajili ya filamu, basi Wizara ilijenga nyumba mia mbili na kumi na nne kwenye eneo la wazi bila kibali, kosa ambalo adhabu yake ni kifungo, na mwaka uliopita Waziri mwenyewe ndiye aliyeiongeza.

Eustaki akaitwa ghorofa ya kumi kama mtaalamu. Aliomba aende na mwigizaji mmoja, akakubaliwa. Walimkuta Mheshimiwa Mkwiro amekaa nyuma ya meza pana, amefungua kola, na Dokta Kisoda amesimama dirishani kama mtu anayepima umbali wa kwenda chini. Waziri alimtambua Perepetua mara moja, akampa mkono, akamwambia aliigiza vizuri mno. Perepetua akashukuru.

Waziri akasema ametafakari. Serikali haiwezi kusema kwamba palikuwa na watu. Kwa hiyo palikuwa na waigizaji. Nyumba zilikuwa mapambo ya filamu, kibali kitaandikwa leo kwa tarehe ya zamani, na waigizaji wote watapewa vyeti. Akamtazama Eustaki, akauliza kitaalamu hilo limekaaje.

Kwa miaka ishirini na sita Eustaki alikuwa ameulizwa kama amependezwa. Hakuwahi kuulizwa limekaaje. Alimtazama dada yake, aliyekuwa akichunguza pazia la Waziri na mshono wake, akasema kwamba limekaa vizuri, Mheshimiwa, ila lina upungufu mdogo. Filamu iliyopendwa namna hii lazima iwe na sehemu ya pili. Wananchi wataidai. Na sehemu ya pili haiwezi kupigwa bila Kisimani. Mapambo itabidi yasimamishwe upya, palepale.

"Hilo linawezekana," akasema Dokta Kisoda kutoka dirishani, akiwa amepata rangi kidogo usoni.

"Na waigizaji," akaendelea Eustaki, "kwa kawaida hukaa mahali pa kuigizia. Ili wasisahau uhusika."

Waziri akaandika kitu kwenye karatasi, akakipigia mstari. Perepetua ndiye aliyeuliza watakaa huko mpaka lini.

"Mpaka dubwana litakapokuwa tayari," akasema Waziri.

*

Kisimani pakajengwa upya kwa miezi minne, kwa sherehe. Nyumba zilijengwa upande wa mbele tu, kama ilivyo desturi ya mapambo ya filamu: ukuta mmoja, mlango, dirisha, na nyuma yake magongo ya kuushikilia usianguke. Ukipita barabarani ulikuwa mtaa mzuri kuliko mitaa yote ya Tambarare. Wageni wa serikali walipitishwa pale kwa gari, gari lisisimame. Waigizaji mia mbili na kumi na nne waliingia na familia zao na vyeti vyao, wakatazama nyuma ya kuta. Siku ya pili moshi ukaonekana kwenye matanuri ya matofali.

Eustaki aliteuliwa Mshauri Mkuu wa Muswada. Kwa cheo hicho Mwongozo wa Kupendezwa haukumhusu, maana ulihusu filamu zilizokwisha kutengenezwa, na yeye akagundua kwamba ana ulimi. Muswada wa kwanza aliurudisha na kurasa kumi na moja za makosa. Wa pili alisema haulingani na hadhi ya taifa. Wa tatu aliusifu jalada. Wanakamati, ambao kwa kila safari ya kikao walipewa chakula cha mchana, walimpenda sana, wakaongezeka kutoka kumi na tisa wakawa sitini na mmoja. Alistaafu, wakamwomba aendelee. Alihama nyumba ya gazeti akajenga chumba ubavuni kwa dada yake, na kazi akawa anaifanyia hapo, meza yake ikiwa imeunganishwa na ya cherehani, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kutetemesha.

Mwaka wa nne Dokta Injinia Kisoda alikuja mwenyewe na muswada wa kumi na saba. Alikuwa amekonda. Alisema Mheshimiwa ameanza kuuliza. Eustaki alimkaribisha aketi, akausoma muswada wote mbele yake, kwa utulivu, akageuza ukurasa wa mwisho.

"Dokta," akasema, "hili jitu lina magamba mazuri. Lakini mimi bado sijaelewa linataka nini."

Kisoda akatoa kijitabu chake, akaandika: dubwana linataka nini. Akakubali kwamba swali ni zito na kwamba kamati itahitaji muda. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali mbele, Perepetua akamwalika apitie mlangoni, akanywe chai kivulini nyuma.

Alikuwa hajawahi kupita nyuma. Alisimama na kikombe mkononi akatazama: kuta tatu za tofali za kuchoma, bati, jiko, chumba cha ubavuni, na ng'ambo ya ua nyumba ya Sikudhani, na ya Mwalimu, na nyingine, na nyingine, mpaka mwisho wa macho. Alitazama kama injinia, kwa muda mrefu.

"Mama," akasema hatimaye, "hizi kuta hazimo kwenye mchoro."

Perepetua alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja limefumbwa. "Kamera yenu ikija inakaa wapi?"

"Barabarani."

"Inaziona?"

Kisoda akafikiri. "Haizioni."

"Basi hazipo," akasema Perepetua, na kumsogezea sahani ya maandazi.

Dokta Injinia akachukua andazi. Akalitafuna, akameza, akaegemea ukuta, akamaliza chai yake.